Mfungo Mzima wa Asiya

Mwaka huu Asiya, muuza vitenge wa Bwiza, alifunga Ramadhani nzima bila kula mchana hata siku moja. Mwanamke wa umri wake, ambaye hedhi humfunguza siku kadhaa kila mwezi, akifanya hivyo, mtaa hausifu ucha Mungu wake, unatazama tumbo.

Aliyetazama zaidi ni mama mkwe wake, Bi Zaituni. Hakujua kwamba Asiya alikuwa akimeza vidonge vya kuzuia mimba tangu arusi, wala kwamba aliviacha mwezi wa Rajabu, miezi miwili kabla ya mfungo, kwa sababu sasa mwenyewe alitaka mtoto.

"We mutoto, apana beba hiyo muzigo!"

"Mama, ni vitenge tu."

"Mi nilibeba mimba saba. Utanifundisha?"

Kipimo kilisema hakuna mimba. Muuguzi alimweleza Asiya kwamba baada ya vidonge hedhi inaweza kukawia hata miezi mitatu. Ikizidi hapo, arudi. Bi Zaituni, ambaye hakuambiwa, alikuwa ameshachagua jina.

Baada ya Idi, katika zile siku sita za funga ya sunna za Shawali, Bi Zaituni aliingia dukani mchana akamkuta mkwewe anakula andazi. Aliliangalia kama mtu anayesoma tangazo la msiba.

"Na unacheka?"

"Mama, nilikuwa nakunywa vidonge, nimeacha. Niliogopa mwili umegoma. Leo umerudi kazini."

Bi Zaituni alizikumbuka dua zake zote za kuomba mjukuu tangu arusi, zilizokuwa zikishindana na vidonge. Kisha akavuta kigoda.

"Basi kula vizuri. Jina linangoja."