Picha Hazilali Zizi Moja

Saa mbili asubuhi, Butimba. Sabina Machibya ameshafagia kibaraza, ameshakunywa chai, na sasa anaikodolea macho kompyuta yake kama mtu aliyemkuta mgeni asiyemjua amekaa sebuleni. Skrini inamuuliza swali moja tu: aendelee au asiendelee? Kidole kiko juu ya herufi, lakini hakishuki.

"Ngoja kwanza," anaiambia mashine. "Mbona una haraka? Unaficha nini?"

Ndivyo alivyo. Sabina, mwenye miaka thelathini na minane, ni fundi wa kusafisha picha za zamani. Anaondoa mikunjo, madoa na ukungu mpaka sura ya mtu irudi. Kibanda chake kipo jirani na chuo cha ualimu, na wanachuo wanaokuja kupiga picha za pasipoti wamembatiza jina la Dada Hapana, kwa sababu hilo ndilo jibu lake la kwanza kwa kila jambo. Flashi ya mteja haichomekwi kwenye mashine yake kabla ya kukaguliwa kwenye nyingine, kuukuu, iliyowekwa pembeni kwa kazi hiyo. Ukimsifia kazi yake, anakuuliza unataka punguzo la shilingi ngapi.

Shaka hiyo haikuja bure. Ndani ya kompyuta yake kuna picha zaidi ya elfu tisa za studio ya zamani iliyokuwa karibu na ziwa, alikojifunzia kazi. Miaka michache iliyopita, maji ya ziwa yalipopanda, yaliingia studio hadi kwenye makabati. Filamu ziligandana, zikaoza. Kilichosalia ni kile ambacho Sabina alikuwa ameshakiingiza kwenye kompyuta.

"Wengi wa watu hawa wameshakufa," anasema. "Nikiwapoteza mimi, wanakufa mara ya pili. Na safari hiyo muuaji atajulikana."

Kwenye benchi lake leo ameketi mtu mwenye shaka kumzidi. Mama Akinyi ni muuza dagaa, mzaliwa wa mwambao wa Mara, sasa mkazi wa Kamanga, ng'ambo ya maji. Mumewe, Otuoma, alizama ziwani na mwili wake haukuonekana. Hakuna kaburi. Picha aliyokuwa nayo nyumbani ilikwenda na mafuriko yaleyale, na sura ya Otuoma imebaki kwenye picha za Sabina tu. Kila akivuka kuja mjini, mama huyo hupita kuhakikisha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Otuoma bado yumo?"

"Yumo."

"Umesema. Sasa nionyeshe."

Anaonyeshwa: kijana mwenye shati la mikono mifupi, anacheka na mpiga picha. Mama Akinyi anaitikia kwa kichwa, anakaa tena. Amesikia kwamba leo mashine inabadilishwa, na amekataa kuondoka.

Mabadiliko yenyewe Sabina hakuyatamani. Skana yake ya zamani, mashine ya kuingizia picha kwenye kompyuta, ilikufa, akanunua nyingine kwa akiba ya karibu mwaka mzima. Kompyuta yake inaendeshwa kwa mfumo uitwao Linux, toleo tulivu, lile ambalo halibadiliki ovyo, na toleo hilo halikuitambua skana mpya hata kidogo. Linaloitambua ni toleo la maendeleo tu, ambalo watengenezaji wake bado wanalifanyia kazi na kulibadilisha kila siku. Kilichokuwa kizima leo, kesho kinaweza kuvunjika.

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Zamani fundi mmoja wa kupita aliwahi kumbadilishia mfumo kwa kubonyeza ndiyo, ndiyo, ndiyo, huku akipiga soga na simu. Mashine ilizimika, ikakataa kuamka kwa wiki mbili. Fundi naye akaacha kupokea simu.

Safari hii Sabina alirudi kwenye elimu ya nyumbani. Baba yake, mfugaji wa Misungwi, hakuwahi kulaza ng'ombe wake wote zizi moja. Aliwagawa kwa ndugu wa vijiji vingine wamtunzie, ili ugonjwa ukiingia kwake asiamke maskini. Lakini mzee huyo hakuwaamini hao ndugu pia. Alikwenda kuwatazama ng'ombe bila kutoa taarifa.

"Kuna siku alionyeshwa ng'ombe wa jirani akaambiwa ndiye wake," Sabina anacheka. "Wake alishaliwa kwenye harusi! Tangu hapo akawa hakubali mpaka amshike mkia."

Hivyo basi, Sabina alitengeneza nakala mbili za picha zote. Diski moja akampa shangazi yake Dorotea, kule Kamanga. Nyingine akampa mdogo wake Ngosha, mwenye kibanda cha kuingizia watu nyimbo na filamu kwenye simu, pale Usagara. Kisha, wiki mbili zilizopita, kabla hajagusa mfumo, akawatokea ghafla.

Kwa shangazi, diski ilikutwa kwenye ndoo ya mchele, imefungwa kwenye kanga. Sabina alifungua picha moja baada ya nyingine mpaka shangazi akanuna. Zote zilikuwa nzima.

Usagara, Ngosha alimpokea kwa tabasamu pana mno. Folda iliyoandikwa "Picha za Dada" ilikuwepo palepale. Ndani yake walijaa wapiganaji wa karate.

"Dada, niliishiwa nafasi. Si zile zingine ziko kwa shangazi?"

"Na shangazi naye angesema ziko kwa Ngosha!" Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Sabina anakiri kwamba alilia njiani, kwa hasira na kwa woga, akiwaza ingekuwaje kama angebonyeza ndiyo wiki ile. Alitengeneza nakala nyingine na kuifungia kabatini kwa jirani asiyependa filamu.

Wiki iliyopita ndipo alipojaribu kwa mara ya kwanza. Alinakili mfumo mzima kwenye diski ya majaribio, akalisasisha toleo la zamani hadi mwisho, kisha akatoa amri inayoifanya mashine iseme itafanya nini bila kufanya lolote. Akasoma orodha yote ya mabadiliko, mstari kwa mstari. Katikati, kimyakimya, mashine ilikuwa imepanga kuing'oa programu yake ya kusafishia picha.

Akajibu hapana, akazima, akaenda kupika. Toleo linalobadilika kila siku, alijiambia, na libadilike kwanza.

Leo orodha ni safi. Ameisoma mara tatu, na bado anaitilia shaka kwa usafi wake. Anaizima kompyuta, anaifungua, anachomoa diski ya picha, anamkabidhi Mama Akinyi.

"Shika wewe. Otuoma yumo humo. Mashine ikiharibika, iharibike peke yake."

Mama Akinyi anaikumbatia kwa mikono miwili. Mashine inawashwa, swali linarudi, na kidole kinashuka.

Maandishi yanapanda, yanapanda, kisha yanakoma. Sabina anaiwasha upya. Skrini inakuwa nyeusi, na kwa muda mrefu haisemi kitu. Hatimaye dirisha la kuingilia linatokea, programu ya picha inafunguka, na taa ya skana inawaka kwa mara ya kwanza tangu inunuliwe.

"Hm," anasema Sabina. "Tutaona kesho itasemaje."

Mama Akinyi anairudisha diski shingo upande. Ikisharudi mahali pake, anaomba aonyeshwe tena. Kijana wa shati la mikono mifupi bado anacheka.

Sabina sasa ana mpango mkubwa kuliko skana. Anataka kila familia ipewe nakala ya watu wake iitunze, ili picha zipate mazizi mengi kote ziwani. Anaanza papo hapo: anainakili ile picha kwenye flashi ndogo, anaifunga kwenye nailoni, anampa mjane.

"Hii ni ya kukaa kwako, mama. Nitakuja Kamanga na kompyuta yangu ndogo kumwangalia. Siku sikwambii."

Mama Akinyi anaifunga flashi kwenye pindo la kanga, anavuta fundo kwa meno.

"Njoo siku yoyote," anasema. "Utamkuta."