Ng'ombe wa mama alinyamaza, na mimi peke yangu nilijua maana yake

Wakuu, salamu kutoka Kimbo, Ruiru. Kisa hiki kilinipata mimi mwenyewe, na sina faida yoyote ya kukitia chumvi.

Kwanza mnijue. Nilisomea ufugaji Uholanzi, nikijilipia karo kwa kuosha masufuria ya watu. Nilirudi miaka ya tisini na diploma, nikanunua pikipiki na mtungi wa baridi wa mbegu za fahali za kupandishia ng'ombe. Kutoka Ruiru hadi Thika, mfugaji aliyetaka ndama wa maana aliniita mimi. Nyumba ninayoishi niliijenga bila kusaidiwa na mtu.

Nasema hivyo ili mjue nikizungumzia ng'ombe sibahatishi.

Mama yangu aliishi Gatuanyaga, kule kukavu mashariki ya Thika. Alikuwa na ng'ombe mmoja mweusi, Kairu. Kila akipandishwa, mimba haishiki. Majirani walishamwita tasa.

Wakati huo Mama alikuwa mgonjwa sana. Dada yangu Wambui aliacha kazi ya kiwandani Thika akaja kumuuguza. Mama hakuwa na cha kumpa, ila alitamka mbele yetu sote kwamba ndama wa kwanza wa Kairu ni wa Wambui.

Basi nikampandisha Kairu mwenyewe, kwa mbegu bora niliyokuwa nayo.

Mama akaniuliza kitandani tutajuaje kama imeshika.

Nikamweleza, na hapa wafugaji nisikilizeni. Kiinitete, yaani mimba changa kabisa, hakikai tu kimya tumboni. Kabla hakijajishikiza, hurefuka kama uzi na kutuma ishara kwa mwili wa mama: niko hapa. Ishara ikifika, mwili unaitunza mimba. Isipofika, mwili huona tumbo ni tupu, na kwenye wiki ya tatu ng'ombe hurudi kwenye joto akilia kutafuta dume.

"Kumbe hata ndama hubisha hodi," Mama akasema.

"Hubisha, Maitu," nikamjibu, nikimwita mama kwa Kikuyu. "Asiposikika, hakuna wa kumfungulia."

Wiki ya tatu ilipofika, Mama alikataa dirisha lifungwe, ili Kairu akilia amsikie. Nilienda kila asubuhi.

"Amelia?"

"Hajalia, Maitu."

Alicheka mpaka kikohozi kikamshika. "Basi amefunguliwa," akasema.

Wiki ile ikapita. Kairu kimya. Ya nne ikapita, kimya. Ya tano Mama akafariki.

Wageni wa mazishi wangetoka Ruiru, Thika, kila mahali. Kaka yetu mkubwa, Njoroge, akaamua Kairu achinjwe. Hana maziwa, hazai, na mvua imekataa, majani hakuna.

Nikamwambia ana mimba. Nikamwambia nitaleta fahali wangu mimi, mnono kuliko yeye.

"Mama hawezi kuzikwa kwa nyama ya kuletwa kama mgeni," Njoroge akasema. "Ana ng'ombe wake."

Wazee wakaitikia.

Aliyeitwa kuchinja ni Juma, jirani Mwislamu kutoka mtaa wa Landless, ili kila mgeni aweze kula. Juma alimzunguka Kairu, akauliza, "Huyu ana mimba?"

"Hana," Njoroge akasema.

"Anayo," nikasema.

Juma akaketi juu ya jiwe. "Sikilizaneni kwanza. Kisu changu hakina haraka."

"Mimba ya wiki tano," Njoroge akawaambia wazee. "Daktari wetu ameiona kwa macho. Ulaya ni kuzuri." Wakacheka. "Haya, Daktari, ingiza mkono utuhakikishie."

Wakuu, hapo ndipo niliposhindwa. Mimba changa hivyo mkono wangu haungeweza kuihakikisha, na kuipapasa kungeweza kuiharibu. Nikakataa. Ushahidi niliokuwa nao ni mmoja: ng'ombe amenyamaza.

"Mnaona?" Njoroge akasema.

Wambui peke yake alisimama upande wangu. "Mimi ninamwamini," akasema. Hakuna aliyemgeukia.

Wazee wakamwashiria Juma; akainuka pale kwenye jiwe, akamchinja Kairu.

Baadaye aliniita nyuma ya boma. Alikuwa ameweka tumbo la uzazi juu ya jani la mgomba, na pembe yake moja, yaani tawi moja la tumbo hilo, ameipasua. Ndani ya maji safi kama machozi kulikuwa na kitu kidogo kama haragwe. Kichwa kilionekana. Vijiguu vilikuwa vimeanza kuchipuka.

Nilimwita Njoroge. Akainama, akatazama.

"Ungesisitiza," akaniambia, akarudi kwa wageni.

Nimekuwa sahihi mara nyingi maishani, na huwa napenda watu wajue. Siku ile sikumwambia mtu mwingine. Watu walikula, wakasifu nyama.

Wambui alilichukua lile haragwe na jani lake, akalizika pale Kairu alipokuwa akilala. Alipomaliza akapangusa mikono kwa leso.

"Kwa hivyo alibisha hodi kweli?"

"Alibisha. Na mama yake alimsikia."

"Basi ni sisi tu tusiomsikia," akasema.

Funzo, wakuu: ng'ombe aliyepandishwa akinyamaza, mheshimu mpaka mimba ifikie umri wa kupimwa. Usikubali msiba, harusi wala wazee wakuharakishe.

Wafugaji na madaktari wa mifugo mliomo humu, mngekuwa mahali pangu mngewaambia nini wale wazee? Nimekuwa nikilitafuta hilo neno tangu siku ile. Mwenye nalo aliandike hapa chini.