Buraanbur ya Mchumba wa Binamu

Shangazi yangu ameozesha nusu ya Garissa, na nusu iliyobaki inamkwepa. Akitokea mtaani, makapera hukumbuka ghafla kwamba wana homa. Hana ofisi wala kibao mlangoni. Ana birika la chai ya iliki na ulimi, basi. Tunamwita eeddo, yaani dada ya baba, na mimi nimekulia nyumbani kwake, kwa sababu wazazi wangu wako malishoni Diff na ngamia, na ngamia hawafundishi kusoma.

Hata hivyo shule nilichelewa. Nilipoingia masomo ya jioni, wenzangu wa rika walikuwa wameshafika chuo kikuu na kurudi. Tulikuwa tukikutana baada ya Magharibi katika darasa la shule ya msingi, kwenye madawati ya watoto wa miaka sita, magoti yakigusa masikio. Nilitoka pale na cheti kimoja na kibiongo kimoja, na vyote najivunia.

Dawati langu nililikalia na dalali mmoja wa ng'ombe, mtu wa Masalani, mrefu hata mnara wa simu ulikuwa ukimtazama kwa heshima. Alikuwa amechoka kuwekewa kidole gumba kwenye wino kila anapouza fahali. Hapakuwa na lolote kati yetu la mtu kusema. Mimi nilimsaidia insha, yeye alinisaidia hesabu. Chaki zilikuwa adimu, na mwalimu akimwita ubaoni, yeye alivunja kipande chake na kuniachia nusu, nusu ile ndefu. Mvua ya Garissa huja mara chache kama mgeni wa mbali, lakini ikija haibishi hodi. Usiku wa mvua alihamia upande wa dawati unaovuja bila kusema neno. Kulikuwa pia na bibi muuza maziwa aliyeona haya kuuliza maswali. Basi dalali alikuwa akijifanya mjinga, "Mwalimu, mimi sijaelewa, rudia," na bibi akapata kusikia mara ya pili. Haya niliyaona mimi peke yangu. Niliyaweka moyoni kama mtu anavyoficha nyama ya nyirinyiri kwenye samli, nikijua haitaharibika.

Kisha binti ya shangazi akarudi kutoka Nairobi, amemaliza chuo. Niseme ukweli, ni mzuri. Akivuka barabara, bodaboda husimama bila kuambiwa na hata mbuzi hupisha. Mimi na yeye tumekunywa maziwa ya kikombe kimoja, nampenda kama dada. Lakini shangazi alipokaa jikoni na kutangaza kwamba amempatia mchumba, kijana mwenye adabu, dalali wa ng'ombe wa Masalani anayesoma jioni, na kwamba jamaa zake wa Kotile wameshazungumza na mama wa kijana, nilikuwa nikimimina uji wa anjera kikaangoni. Anjera ile iliungua mpaka majirani wakauliza kama kuna tanuri la makaa nyumbani kwetu.

Wivu wangu haukuwa ule wa heshima, wa kulia kwenye mto. Ulikuwa wivu wenye miguu. Ulinifuata sokoni, ukanisumbua kwenye hesabu, ukaninyima usingizi wa mchana. Nilianza kumwonea wivu hata fahali aliyekuwa akimshika pembe.

Na mambo yakazidi. Kwetu, kabla wazee wanaume hawajakwenda kuposa, mama wa kijana huja na wanawake wake kunywa chai na kumwona binti. Mama huyo angekuja Alhamisi alasiri. Ijumaa baada ya swala wazee wangekaa, Fatiha ingesomwa, na Fatiha ikishasomwa hakuna wa kurudisha maneno nyuma. Wageni wa namna hiyo hukaribishwa kwa buraanbur, mashairi ya wanawake yanayoimbwa kwa ngoma, na kijana husifiwa ukoo wake, mifugo yake na mkono wake uliofunguka. Nyumbani kwetu mtungaji ni mimi.

"Bibi yako alikuachia ulimi," shangazi akaniambia, "na serikali imekuongezea kusoma. Mtungie mchumba wa mwenzako. Mama yake atoke hapa akilia kwa furaha."

Nikasema sawa, eeddo. Ungesema nini?

Jumanne darasani nilikaa kama jiwe. Yeye ndiye aliyeanza. Aliniuliza kwa sauti ya chini kama nitakuwepo Alhamisi. Nikamjibu kwamba nitakuwepo, tena mimi ndiye mtungaji, na sifa zake zote ziko mikononi mwangu, kwa hiyo ajihadhari. Akavunja chaki, akanipa nusu, ingawa hakuna aliyekuwa ameitwa ubaoni.

"Basi tunga vizuri," akasema. "Mama yangu hasikilizi macho. Husikiliza maneno."

Nilirudi nyumbani nikiwa nimevimba. Kumbe ana haraka! Anataka nimpambie njia ya kwenda kwa mwingine, tena kwa ufundi! Nikaapa kumtungia buraanbur yenye sumu ndani ya asali. Niliandaa mistari kwamba mwendo wake ni wa Mto Tana wakati wa kiangazi, kwamba anakula kama nzige wa mwaka wa njaa, kwamba ng'ombe akikataa kuuzwa yeye hulia kwanza. Shida ni kwamba buraanbur hushika herufi moja ya mwanzo wa maneno kutoka mstari wa kwanza mpaka wa mwisho, na kwa herufi niliyochagua matusi yaliniishia mapema, sifa zikabaki zimepanga foleni. Nikakata shauri kumsifia ngamia tu. Ngamia hawana madhara kwa mtu.

Alhamisi ikafika. Sebule ilijaa moshi wa udi mpaka mtu akatafutwa kwa kupapasa. Mama wa kijana alikaa katikati, mwembamba, mkavu, mwenye macho ya mtu aliyepima mifugo maisha yake yote. Binamu akaingia na sinia la chai, mikono imejaa hina, na shangazi akawa anameremeta kama ametiwa betri mpya. Nikapewa ishara. Jirani akaanza kupiga ngoma, wanawake wakapiga makofi, nikasimama katikati.

Nilianza vizuri. Niliupa ukoo wake mababu mpaka nikakaribia gharika ya Nuhu. Nilimpa ngamia wengi hata Masalani nzima isingekuwa na mahali pa kuwafunga. Wageni wakashangilia. Kisha nikamwona binamu akimpa yule mama kikombe, kwa mikono miwili, kama mkwe. Nikaacha ngamia. Kwa Kisomali ilikuwa tamu zaidi, lakini maana yake ilikuwa hivi:

*Ana chaki ndogo, huikata, na fupi huiweka yeye.*
*Mvua ikipata tundu, bega lake ndilo dari.*
*Hujivika ujinga mbele ya watu, ili ajuza apate kujua.*
*Mmehesabu mifugo yake. Haya nani aliyahesabu?*

Makofi yakapungua. Nikaendelea, sikuweza kujizuia. Jirani akasahau mkono juu ya ngoma. Nilipomaliza na kuketi, sebule ilikuwa kimya kiasi kwamba nilisikia chai ikipoa. Wanawake wa kwetu wanaweza kudanganywa kwa kitambaa na wanaweza kudanganywa kwa dhahabu, lakini si kwa shairi. Kila mmoja alikuwa ameelewa, kuanzia ajuza mpaka mtoto anayenyonya.

Mama wa kijana akaweka kikombe chini.

"Binti," akasema, "nimemzaa mimi, na hayo siyajui. Wewe umeyajuaje?"

Shangazi akawahi kunijibia. Alisema kwamba nasoma naye darasa moja, ndiyo maana, mambo ya shule tu.

"Darasa la nini?" mama akauliza. "La kumsoma mwanangu?"

Kicheko kilianzia pembeni kikazunguka chumba kizima. Nilitamani sakafu inimeze, lakini sakafu ya shangazi ni ya saruji. Ndipo binamu yangu, ambaye tangu asubuhi hakuwa amefungua kinywa, akaketi kando yangu na sinia lake mapajani.

"Hooyo," akamwambia mama yake, "mimi huyo msee hata sijui anafanana aje. Huyo wa kwenye wimbo kweli namtamani. Lakini ashachukuliwa, si unaona? Ni wa huyu."

Shangazi alifungua kinywa akakifunga. Sijawahi kuona jambo kama hilo kabla wala baadaye. Yule mama alinitazama jinsi anavyotazamwa mtamba sokoni, kisha akajifunga ushungi wake na kusimama. Alimwambia shangazi kwamba chai ilikuwa nzuri, na kwamba wazee wake watakuja kesho kama walivyopatana. Mlangoni akageuka.

"Waambie wazee wenu wajue ni binti yupi."

Baba alipigiwa simu Diff. Alipanda kichuguu kutafuta mtandao, akauliza swali moja tu, kama kijana anajua mifugo, kisha akasema hana neno. Ijumaa Fatiha ikasomwa, nami nikiwa nyuma ya pazia nimeng'ata shela yangu isije ikatoka sauti. Kufika Jumamosi shangazi alikuwa ameshatangaza sokoni kote kwamba huo ndio uliokuwa mpango wake tangu mwanzo, na kwamba binti yake alikuwa chambo tu.

Nilipokutana na dalali darasani, alikuwa amekaa upande unaovuja, na mvua haikuwepo.

"Si nilikwambia mama husikiliza maneno," akasema, akafungua daftari la hesabu.

Tumeoana, alhamdulillahi, na cheti changu na chake vinaning'inia ukutani pamoja. Mwaka jana binamu naye alipata wake, muuza dawa wa Wajir, mtu mpole sana. Alikuja kwangu na kilo ya tende akaketi jikoni.

"Abaayo, dada yangu, siku yangu uniimbie ile ya chaki."

Nilimtungia mpya. Nilimpa mchumba wake mababu, nikampa maduka ya dawa kutoka Mandera mpaka Mombasa, nikamwongezea na ngamia, mtu ambaye hajawahi kumkama hata mbuzi. Wageni walilia. Lakini ile ya chaki nilimwambia nimeisahau.

Akanitazama, akacheka. "Bado una wivu?"

Nikamwambia ale tende zake.