Chuo Kilichotaka Jembe

Serikali ina namna yake ya kupanga vyuo. Kuna vyuo vikuu, kuna vya kati, kuna vya ufundi stadi, kuna vya maendeleo ya wananchi, na humo humo kuna vya umma na vya binafsi. Mama yangu alikuwa na mpango mfupi zaidi. Kwake vyuo vilikuwa viwili tu: vinavyotaka jembe na visivyotaka.

Nilimaliza kidato cha nne Mtunda kwa ufaulu wa kujikongoja, ila baiolojia na kemia zilinibeba. Nilitaka kuwa bwana shamba. Nilichoka kuona mpunga wetu ukinyauka huku kila jirani akitoa sababu yake, na mtu pekee aliyejua sababu yenyewe akija mara moja kwa mwaka, tena mbiombio. Nikaomba chuo cha kilimo cha serikali, chuo cha kati, nikapata. Kwa tahadhari nikaomba na kingine cha binafsi huko Dar, nacho kikanikubali siku ileile. Hapo ningepaswa kushtuka. Sikushtuka.

Fomu zote mbili za kujiunga nilizichapisha steshenari, Kibiti mjini, nikaja kumsomea mama barazani akiwa anapepeta mchele. Nikaanza na ile ya serikali: ndoo, fagio la chelewa, buti za mvua, jembe. Mama akausimamisha ungo.

"Rudia hapo."

"Jembe lenye mpini, mama. Moja. Na panga."

Akacheka cheko lisilo na furaha. "Mie nimelima bonde hili tangu sijakuzaa, ili wewe usishike mpini. Leo nikulipie nauli ukalime kwa watu? Jembe si hilo hapo nyuma ya choo, kachukue uanze."

"Lakini mama, hicho ndicho chuo chenyewe. Hiki kingine sikijui."

"Hicho kingine kinataka nini?"

"Suti nyeusi na tai."

"Haya. Hao wanajua wanamfundisha mtu."

Ufuta ukauzwa, suti ikashonwa, nikaenda. Miaka miwili nilikaa ghorofani, juu ya duka la vipuri vya magari, nikisomeshwa kilimo kwa picha zilizobandikwa ukutani. Shamba la mazoezi tuliahidiwa kila muhula, na kila muhula lilikuwa linatafutwa. Tukiuliza tunaambiwa sisi ni mameneja, vibarua watakuja kuwa wengine. Mahafali yalifana, hilo silikani. Mama alikuja na kanga mpya, akapiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka, na picha yangu ya joho akaitundika mkabala na mlango ili mgeni asiikwepe.

Kazi sikupata. Nikajiambia nikaongeze diploma, na mahali pa kwenda ni palepale nilipopakataa, chuo cha serikali. Dada wa udahili aliandika jina la chuo changu kwenye kompyuta, akafuta, akaliandika tena. Kisha akaniangalia kwa huruma iliyoniudhi kuliko tusi.

"Kaka, hawa wamesajiliwa kutoa kozi fupi tu. Cheti chao hakikupandishi popote. Tunaweza kukupokea kwa matokeo yako ya kidato cha nne, uanze mwaka wa kwanza."

Nilitamani kuichana ile karatasi mbele yake. Miaka miwili nimeuziwa mbuzi kwenye gunia, na mbuzi mwenyewe nimepiga naye picha. Njia nzima ya kurudi nilikuwa napanga maneno ya kumwambia mama, na yote yalikuwa makali.

Nilimkuta anachambua kisamvu. Nikamweleza yote, bila kupunguza. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Sasa mwanangu, si ungeniambia?"

Hapo nikapandwa na hasira. "Nilikwambia, mama. Hapa hapa barazani. Nilikwambia chuo chenyewe ni kile, hiki sikijui."

"Uliniambia," akasema taratibu, mkono haujaacha majani. "Mara moja. Ulipotaka baiskeli ulinililia mwezi mzima."

Alisema kweli. Suti ile niliipenda, na Dar niliitaka mimi kuliko yeye.