Jirani na Mche Wangu wa Kivulini

Jirani yangu wa nyuma ya ukuta ana vidole laini kama mkate uliotoswa kwenye chai, na kila asubuhi huvivika glavu akaenda kuutesa mche niliompa mimi. Ni wa kile kichaka chetu cha porini, kisichopukutisha majani kiangazi wala masika, nacho chataka kivuli, unyevu na kuachwa. Kuuacha ndiko asikokuweza. Pale kwake hapakauki, ukuta umeota kuvu, naye bado anamwagilia. Majani makavu yanayolilinda shina anayafagia, ati uchafu. Kisha hukohoa kidogo, kama anayetaka kuhutubia, akaung'oa mche mzima na kuuinua atazame mizizi.

"Unafanya nini, baba?" nikamuuliza jana.

"Nahakikisha kama umeshika, bibi."

"Na mkeo mjamzito, naye unamfunua kila siku uone mtoto amefikia wapi?"

Mkewe alicheka dirishani mpaka akashika kiuno. Mumewe hakucheka. Aliufukia mche, akaupigapiga udongo kwa kiganja, akaniaga kwa adabu zake zote. Nilipofika mlangoni kwangu nikageuka: alikuwa ameshaung'oa tena. Nikarudi, nikampokonya mche wangu mkononi, wala sikumuaga.