Kikongwe Aliyeniuliza Jina la Diski

Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize. Haya yalinipata mimi mwenyewe, Voi mjini, saa saba mchana, jua likiwaka, na sikuwa nimeonja pombe hata tone.

Mimi ni fundi wa kompyuta. Mwalimu Mghoi, mstaafu wa kule Bura, aliniletea mashine iliyobeba miaka yake yote ya kurekodi wazee wakisimulia kwa Kidawida, lugha yetu ya Taita. Humo mlikuwa na saa tatu za marehemu mama yake.

"Hizo zingine zikipotea nitalia," akaniambia. "Za mama zikipotea, sijui. Sina nakala, fundi. Usinicheke."

Sikumcheka. Nilimwahidi kwa kinywa kipana kwamba Ijumaa atamsikia mama yake.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Ndani kulikuwa na diski nne zilizobeba mzigo mmoja kwa pamoja. Moja ikifa, tatu zinakumbuka kwa niaba yake; unatoa mfu, unaweka mpya, zinaijaza polepole. Zikifa mbili, kwisha habari. Mashine huipa kila diski herufi, na ilinionyesha iliyokufa: C. Nikashika bisibisi, na stima ikapotea.

Feni iliponyamaza ndipo nilipomwona. Kikongwe ameketi kwenye benchi la wateja, leso ya manjano kichwani, viatu vina vumbi jekundu. Mlango wangu hulia kama mbuzi ukifunguliwa; siku hiyo haukulia. Nikamwamkia, "Shikamoo, nyanya." Aliinuka, akaweka mkono juu ya zile diski, nikaona kidole chake cha shahada kimekatika nusu.

"Umemwuliza jina huyo unayetaka kumtoa?"

Nikadhani ni uzee tu. Akaendelea, "Sisi zamani, kichwa cha mzee hakihamishwi pangoni kabla hajatajwa jina. Ukibeba asiye wako, umevuruga ukoo mzima."

Mdawida gani asiyejua habari za mapango yenye mafuvu ya wazee wetu? Lakini mafuvu na kompyuta wapi na wapi? Nikamwambia, kwa ukali unaonichoma hadi leo, "Nyanya, niache nifanye kazi." Stima ikarudi, nikageuka kuwasha mashine. Nilipotazama tena, benchi lilikuwa tupu.

Sasa nisikilize vizuri. Mashine ikizimika na kuwaka tena, zile herufi zinaweza kuhama. C ya kabla ya stima kupotea si lazima iwe C ya baadaye. Kisichohama ni namba ya kiwandani iliyobandikwa kwenye diski yenyewe. Hilo ndilo jina lake. Je, sikulijua? Nililijua vizuri kabisa! Ila maandishi ni madogo, miwani ilikuwa nyumbani, na nilikuwa na hasira. Nikaichomoa C. Nikaichomeka kwenye mashine nyingine na kuifuta yote, nione kama itafaa tena. Ilifutika mpaka mwisho bila kosa hata moja, na hapo nikajua nimechomoa iliyo hai, maana diski iliyokufa haifutiki hivyo. Nilihangaika siku tatu na zile zilizobaki. Sikupata hata neno moja.

Ijumaa Mwalimu alikuja amevaa nguo ya kanisani. Nilimweleza yote, pamoja na habari za yule kikongwe, kwa kuwa sikuwa na kingine cha kumpa. Nilipotaja kidole, akaketi.

"Ni shoka," akasema. "Akipasua kuni. Mimi nilikuwa darasa la pili."

Nilingoja anitukane. Badala yake akanishika mkono kwa mikono miwili. "Basi wewe umemsikia mama. Niigizie, fundi. Mimi nimeanza kuisahau. Sauti yake ilikuwaje?"

Nikafungua kinywa. Maneno yake yote ninayo, nimeshakwambia. Sauti siikumbuki. Ilikuwa nzito? Nyembamba? Haki ya Mungu, sijui.

Alitoka bila kuchukua mashine yake. Tangu siku hiyo, stima ikipotea mchana, majirani hutoka nje kupunga upepo, mimi nabaki ndani nimetega sikio. Hakuna anayekuja.

Kwa hiyo wewe, kama una sauti ya mtu wako, itoe nakala leo, iweke mahali pawili. Na mgeni akikuuliza swali ukiwa na haraka, weka bisibisi chini umjibu. Mimi sikumjibu, na Mwalimu Mghoi bado hupita dukani kila Ijumaa, anasimama mlangoni na kuuliza, "Umekumbuka?"