Mpira Ulioazimwa Mtangawanda

Watu hudhani kuosha vioo ni ndoo na gazeti kuukuu. Wallahi, hilo hunichoma. Kila nikishuka botini pale Mtangawanda na begi begani, lazima atokee mtu wa kuuliza, "Vikorokoro vyote hivyo vya nini, Bwana? Wahama?" Vikorokoro! Mimi natoka Amu, nazunguka visiwa hivi kuosha madirisha ya watu, na kule niendako hakuna duka la kuniuzia kitu kikivunjika. Kwa hivyo nabeba fito za kuunganisha, wembe wa kukwangulia rangi, spana, skrubu, matambara, na juu ya yote nabeba spea ya mpira. Mpira huo ndio unaovuta maji kwenye kioo. Ni utepe mrefu, laini, ukingo wake umenyooka, na ukipata pengo dogo tu, kioo kinabaki na mistari ya chumvi toka juu hadi chini.

Siku ninayoisema nilikuwa nakwenda Kizingitini, kwa Bi mmoja mtu mzima. Mwanawe alimjengea ghorofa yenye vioo vikubwa vinavyotazama bahari, lakini vilipotiwa, Bi alikuwa haoni tena. Macho yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho. Hata hivyo, kila nilipomaliza kazi alishikwa mkono mpaka dirishani, akapitisha kidole, kioo kikalia kwii, naye akasema, "Mashaallah, kimetakata." Miaka ikapita ananisifu kwa kazi asiyoiona. Sasa alikuwa amepasuliwa macho Mombasa, na alasiri hiyo anarudi nyumbani. Mwanawe alinipigia simu: "Bwana, nataka akifika aione bahari." Mimi nilitaka zaidi ya hapo. Nilitaka aione kazi yangu.

Pale jetini Mtangawanda palikuwa na mwenye pikipiki anafunga kreti za soda, na kamba yake ya mpira imemkatikia mkononi. Begi langu lilikuwa wazi, maana nilikuwa natafuta maji ya kunywa. Akachungulia.

"Nipa mpira huo, Bwana. Ndia mbovu, mashimo tupu, soda zitavunjika. Takuletea Kizingitini kabla ya adhuhuri."

Nikamwambia huo si wa kufungia mizigo. Ndipo akaitoa silaha yake: "Ah, Bwana! Mpira tu, wazuia maun?"

Neno hilo kwetu halina jibu. Maun ni vile vitu vidogo vya kuazimana, chungu, ndoo, shoka, na dini imewakemea wanaovizuia. Jeti nzima ikageuka kunitazama, mimi, si yeye! Watu hao hao walioita mali yangu vikorokoro sasa wananiona bahili mkubwa. Nikampa. Mtu mzima na akili zangu, nikampa.

Adhuhuri ikaadhiniwa, pikipiki hakuna. Nikaendelea na kazi, vioo vyote vikatakata, kikabaki kile kikubwa cha kati. Ninakivuta maji, mpira niliobaki nao ukanasa kwenye skrubu iliyochomoza kwenye fremu, ukachanika. Nikatia mkono kwenye mfuko wa spea kwa mazoea. Mtupu. Maneno niliyomwambia yule bwana, na yeye hayupo, astaghfirullah, siwezi kuyaandika. Nilijaribu tambara. Nilijaribu hata gazeti, lile gazeti lao, na chumvi ikazidi kutapakaa. Bado nasugua, nikasikia vigelegele mlangoni.

Bi aliingia na miwani myeusi, akaivua, akanitazama. "Ala! Ndiwe huyu? Kwa sauti nalidhani kijana, kumbe mvi tupu!" Watu wakacheka, nami nikacheka nao. Kisha akatembea mwenyewe, bila kushikwa, moja kwa moja mpaka kioo cha kati. Akakitazama juu, akakitazama chini.

"Na hivi ndivyo ulivyokuwa ukinioshea siku zote," akasema taratibu, "na mimi sioni?"

Laiti angenipiga kofi. Miaka yote ile, kila kona, kila fremu, kwa ajili ya mtu asiyeweza kunikagua, na sasa naonekana tapeli wa kipofu! Nikaanza kueleza, soda, pikipiki, maun, na kila neno lililonitoka niliona mwenyewe linanuka uongo. Mwanawe alikuwa anatazama sakafu.

Bi akayafumba macho yake mapya, akapitisha kidole kwenye kioo kile. Hakikulia, kilikwaruza. Akapapasa mpaka cha pili, bado amefumba, akapitisha. Kwii. Akarudia.

"Hiki nakijua," akasema. Akafumbua macho. "Haya, huyo mwenye pikipiki yuko wapi?"

Alikuja karibu na magharibi, anatabasamu, na mpira wangu mkononi una mafundo mawili, umevutika mpaka umepinda. "Ahsante, Bwana. Mwenyezi Mungu akulipe." Kabla sijafumbua mdomo, Bi alikwisha kumnyooshea kidole.

"Njoo hapa. Kioo hiki utakiosha wewe, na kwa mpira huo huo."

Nikalifunga begi langu, nikakaa kitini kando ya Bi. Yule bwana akavuta maji, akafuta, akavuta tena, jasho linamtiririka. Kila alipodhani amemaliza, Bi alifumba macho, akapitisha kidole, akatikisa kichwa.

"Bado," akasema. "Rudia."